Mavyaa Wangu Hayupo Kwenye Mfumo

Karani wa dirisha la dawa alinitazama, akaitazama kompyuta yake, kisha akaniambia kwamba mavyaa wangu hayupo. Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alikuwa nyuma yangu kwenye benchi, anamenya chungwa.

"Hayupo vipi?" nikamuuliza. "Si yule pale."

"Sisemi pale, mama. Hayupo kwenye mfumo. Na wewe pia hupo."

Mimi si mtu wa kelele. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hasira yangu ni pasi ya mkaa, haina moshi lakini ole wake anayeigusa. Nikaisogeza ile kadi ya bima karibu na kioo. Ilikuwa kadi yetu ya miaka yote, jina la mume wangu juu, sisi chini yake. Kwa kadi hiyo mavyaa alikuwa anapata insulini kila mwezi, kwenye dirisha hilohilo.

"Mumeo alifariki, pole sana," karani akasema. "Cheti chake cha kifo ulikileta mwenyewe."

"Nilikileta kwa sababu mliniambia nikilete."

"Ndiyo, na tukakiingiza. Sasa, ukishamfunga mkuu wa kaya, wategemezi wake wote wanajifunga. Huu mfumo mpya uko hivyo. Siyo mimi."

"Kwa hiyo mtu akifa, na nyumba yake nzima inakufa."

"Kwenye kompyuta, ndiyo."

Mavyaa akaacha chungwa. Masikio yake ni mazima kuliko magoti yake. "Kumbe nimekufa," akasema. "Na hakuna aliyenililia. Hata wewe, mkwe wangu?"

Watu wa benchi wakacheka kwa kujificha. Karani hakuwa mtu mbaya. Alishusha sauti, akasema ipo njia, na wenzangu wengi wameshaipitia. Atafungua kaya mpya, mimi niwe mkuu. Tatizo, chini ya mkuu mfumo unakubali watu wa aina mbili tu, mwenzi na mtoto. Mama mkwe hana mahali. "Basi tunamwandika mtoto wako. Unatia sahihi hapa, chini ya hayo maneno."

Maneno yenyewe yalikuwa yanasema kwamba naapa niliyoyaeleza ni kweli.

"Niape kwamba nimemzaa mama aliyemzaa mume wangu?"

"Ni kompyuta tu, mama."

"Sahihi ni yangu lakini. Siyo ya kompyuta." Nikamuuliza kama vipimo vyake vya nyuma vitamfuata huko kwenye utoto wake mpya, kiwango chake cha dawa, na ile dawa ya maumivu iliyowahi kumvimbisha uso mpaka macho yakaziba. Karani akatikisa kichwa. Atakuwa mtu mpya. Hana historia.

"Niandike tu, mwanangu," mavyaa akadakia. "Unaniogesha, unanilisha, unanikemea. Kimebaki nini?"

"Kukunyonyesha."

"Hapo sitakusumbua, sina meno."

Siku nyingine ningecheka. Nyumbani kichupa cha insulini kilikuwa kimebaki cha kulowanisha kitako tu, na bei ya dukani si ya watu kama sisi. Lakini kilichoniuma zaidi ni kingine. Mimi nilimjua aliyeutengeneza mfumo ule. Nilimzaa.

Ni kitinda mimba wangu. Anafanya kazi kwenye ofisi inayotengeneza programu za kompyuta, na siku mfumo ulipoanza kutumika kwenye hospitali zote za ule mfuko wa bima, alikuja nyumbani na keki. Alisema, "Mama, sasa ukifika dirishani hutangoja." Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Sasa nimesimama dirishani, kweli singoji, naambiwa papo kwa papo kwamba hatupo. Ile sala ndiyo iliyokuwa inaniunguza. Nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa kitu kilichomfuta mama wa watu.

Nikampigia simu palepale.

"Mama, niko katikati ya kazi. Nitalishughulikia. Hiyo ni kasoro inayojulikana."

"Inajulikana na nani?"

"Na timu. Iko kwenye foleni ya kazi."

"Kwa hiyo ulijua."

"Sikujua kama itawagusa ninyi."

Nilikata simu. Katika yote aliyosema, hilo ndilo lililonitoa pale. Maana yake ilikuwa sawa kwake ikiwagusa mama za wenzake. Nikamshika mavyaa mkono, nikamwambia twende tukamsalimie mjukuu wako kazini.

*

Ofisi yao ina kuta za kioo, kila mtu anamwona kila mtu, na ukuta mmoja wa saruji umejaa vikaratasi vya kunata vya rangi, vya njano, vya waridi, kila kimoja kimeandikwa kazi ya kufanywa. Tuliwakuta wamesimama duara katikati ya chumba na viti vitupu vimewazunguka. Nilishawahi kusikia habari hiyo kwa mwanangu, kwamba husimama ili kikao kisirefuke.

"Hawa wamekosa viti au wamekosa adabu?" mavyaa akaniuliza, si kwa kunong'ona. Hakungoja jibu. Alikwenda kwenye kiti kikubwa kilichokuwa mbele ya skrini ya ukutani, akajishusha taratibu, akakipakata kipochi chake.

Mwanangu alituona akabadilika rangi. "Mama. Bibi. Si ningekuja jioni."

"Mume wangu," mavyaa akamjibu, kwa sababu hivyo ndivyo anavyomwita tangu yuko mgongoni, "nimekuja nikutazame unavyonizika."

Bosi wao akatukaribia. Wafanyakazi wanamwita Twende, nilikuja kujua, kwa sababu hamalizi sentensi bila kusema twende. Mtu wa makamo, viatu safi, tabasamu la kupokelea wageni. Akanipa shikamoo, nikaitikia, nikamweleza. Nilieleza pole pole na kwa mpangilio. Cheti cha kifo, dirisha, mwenzi na mtoto, kiapo.

"Mama, nakuelewa sana," akasema. "Sisi hapa tunafanya kazi kwa utaratibu wa ejaili. Kila wiki mbili lazima tumwonyeshe mteja kitu kinachotembea. Tunaanza na kidogo, tunaona kimekwama wapi, tunarekebisha, twende."

"Na aliyekufa wakati mnakwenda?"

Tabasamu likabaki pale pale lakini macho yakatafuta msaada. Aliyesema ni mwanamke aliyekuwa mwisho wa duara, kalamu ya ubao imechomekwa kwenye nywele.

"Mimi nilisema mwanzoni," akasema.

"Fundi Maboksi, siyo sasa," akasema Twende, akimwita kwa jina lake la utani la kazini.

"Ni sasa." Akachomoa kalamu, akaenda kwenye ubao mweupe. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaongea na ubao kama mtu aliyeyarudia maneno hayo mpaka yakamchosha. "Tulijenga kaya. Hatukujenga mtu. Kwenye mfumo wetu mtu si kitu, ni mstari ndani ya kaya ya mtu mwingine. Kaya ikifungwa, mistari inakwenda nayo." Akachora boksi. "Huyu ni mtu. Anasimama peke yake, ana vipimo vyake na dawa zake." Akachora lingine mbali kidogo. "Hii ni kaya." Halafu la tatu katikati. "Na huu ni uhusiano. Nani ni nani wa nani, tangu lini mpaka lini. Baba akifa, unafunga uhusiano. Hufungi watu."

Sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Na mavyaa naye alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kama yuko kwenye mahubiri.

"Hapa siyo chuo," akasema Twende. "Mteja hanunui maboksi, ananunua skrini. Ulitaka tukae miezi tunachora, halafu tumpelekee mteja picha?"

"Sikuomba miezi. Niliomba asubuhi moja kila tunapoanza wiki mbili mpya. Tuchore kidogo, tujenge kidogo, turudi kwenye mchoro tuone kama bado unasema kweli. Ejaili haijakataza kufikiri. Wewe ndiye uliyekataza."

Mimi nikamgeukia mwanangu.

"Aliposema hayo mwanzoni, ulikuwepo?"

Alikuwa anatazama viatu vyake. "Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

Aliyejibu ni bosi wake, ambaye nadhani alitaka mzigo ugawanywe. "Mama, tuliuliza timu nzima. Tuliuliza, jamani, nani ana bibi kwenye kadi ya bima ya baba yake? Kijana wako mwenyewe ndiye aliyesema hizo ni kesi za nadra, ziwekwe foleni, twende."

Nilimtazama mwanangu. Mtoto aliyekula sahani moja na bibi yake tangu anaota meno. Aliyekuwa akitumwa na mimi kwenye dirisha lile lile na kadi ile ile kuchukua dawa za bibi yake. Akaulizwa mbele ya watu kama anamjua mtu kama huyo, akamkana, ili bosi wake asione kuwa anachelewesha kazi.

"Nadra," nikasema.

"Mama, wakati ule nilikuwa mgeni kazini, na..."

"Nyamaza. Sijakuuliza."

"Mume wangu," mavyaa akasema kwenye kiti chake, "mimi ni nadra? Ungeniambia nikiwa msichana ningefurahi."

Kuna waliocheka. Mwanangu hakucheka, macho yake yalikuwa yamejaa maji na mimi sikumwonea huruma hata chembe.

Twende akatazama saa. Mteja wao, yaani mkurugenzi wa mfuko wa bima, alikuwa njiani kuja kuoneshwa skrini mpya. Akaniambia watamaliza jambo letu leo leo. "Tutamwandika bibi mtoto wako kwa muda, halafu kwenye mzunguko ujao..."

"Hata ninyi?"

"Ni kwa muda, mama."

"Kama ni hivyo niandikeni mke wa huyu," mavyaa akasema, akimwonyesha mjukuu wake kwa kidole. "Si namwita mume wangu kila siku, na mnataka mwenzi. Mimi huyo."

Alikuwa anatania. Lakini Twende alimgeukia mwanangu akamuuliza kama mfumo unazuia tofauti ya umri kwa wenzi. Aliuliza kwa dhati kabisa. Alikuwa anafikiria ile skrini yake na mteja yuko kwenye lifti.

Hapo nilisikia damu inapanda masikioni. Nilimwomba Mungu anishikie mkono wangu, na aliushika, kwa sababu mwenyewe ulikuwa umeshaondoka. Nikamwambia Twende, "Umesikia ulichouliza?"

"Mama, naomba mkakae pale mapokezi. Tafadhali. Tutawaletea chai."

"Mimi siendi," akasema mavyaa. "Mimi ni maiti. Maiti haitoki yenyewe, hubebwa. Nibebeni."

Akakunja mikono juu ya kipochi, akafumba macho. Wanaume wazima walikuwa wamesimama pale, wenye misuli, na hakuna aliyesogea. Nani ambebe mwanamke wa umri ule, na wakati anapumua.

*

Mkurugenzi wa mfuko alikuwa mwanamke mrefu mwenye mkoba mkubwa. Alisalimia wote, akakaa, na Twende akaanza kumwonyesha rangi mpya za skrini kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika. Mavyaa alikuwa mbele kabisa, katikati ya mkurugenzi na skrini, macho bado yamefumbwa.

"Samahani," akasema mkurugenzi. "Bibi huyu ni nani?"

Twende akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta neno. Mimi nilikuwa nalo, lakini nilijizuia. Nilikuwa namtazama mwanangu, na yeye alijua.

"Ni bibi yangu," mwanangu akasema. "Ni mama wa baba yangu. Baba alifariki, tukamfunga kwenye mfumo, na mfumo ukamfunga bibi na mama yangu pamoja naye. Sehemu hiyo niliiandika mimi. Nilijua. Na wao si wa kwanza. Kila mwenye kadi aliyefariki tangu tulipoanza, mjane wake na watoto wake na mama yake wamefungwa naye."

Mkurugenzi akamgeukia Twende. "Mwezi jana ulinihakikishia hakuna lalamiko hata moja."

"Hakuna lililoingia, mama."

"Haliwezi kuingia," Fundi Maboksi akasema. "Kulalamika unatakiwa uweke namba ya kadi. Kadi iliyofungwa haipokelewi."

Mkurugenzi aliweka mkoba chini. Nilidhani atapiga kelele, watu wa cheo hupenda. Hakupiga. Aliuliza tu, "Nani aliamua hivi?"

"Hakuna aliyeamua," Fundi Maboksi akamjibu. "Ndiyo shida yenyewe. Tulikuwa tunakimbia. Na samahani mama, wewe pia ulisema hutaki kuona michoro, unataka kila wiki mbili uone skrini."

Yule mama akameza hilo. Nilimheshimu kidogo kwa kulimeza. Kisha akatoa simu, akapiga hospitali, akaagiza kwamba wote waliofungwa kwa kifo cha mwenye kadi wapewe dawa kwa karatasi, kwa majina yao ya kweli na mafaili yao ya zamani, mpaka atakaposema vingine. Akarudisha simu mkobani.

"Zimeni hiyo skrini," akasema. "Nionyesheni hayo maboksi."

Wakamzunguka Fundi Maboksi ubaoni. Sasa walikaa. Nilisikia mkurugenzi anauliza, "Na mtoto ambaye baba yuko kaya moja na mama kaya nyingine?" na Fundi Maboksi anasema, "Ndiyo maana mistari inaweza kuwa miwili. Lakini hilo hatujui bado, inabidi twende tukawaulize makarani." Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kusikia mtu wa ofisi ile anasema hajui.

Mavyaa akafumbua jicho moja. "Nimeshafufuka?"

"Umefufuka, mama. Inuka twende tukachukue dawa."

Mwanangu alitusindikiza mpaka kwenye lifti. Alitaka kunishika mkono, nikauhamishia kwenye kiwiko cha mavyaa.

"Mama, nimesema ukweli mbele ya mteja. Wanaweza kunifukuza."

"Nimekusikia. Umesema ukweli baada ya bibi yako kuwa maiti kwenye kiti. Ungeusema siku ulipoulizwa ingekugharimu aibu kidogo tu. Na kuna mama za watu ambao hawana mtoto kwenye ofisi hii. Wao walimwendea nani?"

Mlango wa lifti ukajifunga, yeye amebaki nje.

*

Dirishani karani aliandika kwa mkono, jina kamili la mavyaa, na kwenye sehemu ya uhusiano akaandika mama wa marehemu mwenye kadi. Alinisomea kwa sauti. Nikatia sahihi yangu bila kigugumizi.

Jua lilikuwa bado halijashuka mwanangu alipokuja nyumbani. Hakuwa amefukuzwa. Alikuwa na karatasi kubwa iliyoviringishwa na kufungwa kwa mpira, akaitandaza kwenye meza ya chakula, akaweka vikombe kwenye pembe isijikunje. Ulikuwa mchoro. Akamwita bibi yake.

"Mimi niko wapi?"

"Hapa, bibi. Hili boksi ni lako peke yako."

"Dogo."

"Yote yanalingana."

"Na mwanangu?"

Akamwonyesha. Boksi la mume wangu lilikuwepo, halikufutwa. Kutoka kwake kulikuwa na mstari mpaka kwa mama yake na mwingine mpaka kwangu, na juu ya mstari wangu imeandikwa mke, tangu mwaka tuliooana, mpaka siku aliyofariki. Nilisimama pale muda. Sikutaka mwanangu auone uso wangu, nikaenda jikoni nikafungua friji nikatazama ndani bila kutafuta kitu.

Kichupa kipya kilikuwa kwenye mlango wa friji. Nikakitoa, na sindano, na pamba. Nikarudi, nikaviweka juu ya ule mchoro mbele yake.

"Muda wake umefika. Mchome."

"Mimi? Mama, mimi naogopa sindano, unajua."

"Najua. Nawa mikono. Kuanzia leo kila jioni unapita hapa kabla ya kwenda kwako. Unampima, unampimia dawa, unamchoma. Nataka siku nyingine ukiulizwa kama unamjua mtu wa namna hii, usifikirie."

Akaenda kunawa. Alikaa kwenye maji muda mrefu kuliko mikono yake ilivyohitaji. Nilimfundisha kuvuta dawa, kutoa hewa, kubana ngozi ya tumbo. Akaisogeza sindano, akairudisha, akaisogeza tena.

"Mume wangu," mavyaa akamwambia, ameshikilia gauni lake juu, "chukua wiki mbili kama unataka. Mimi nipo."

Hakucheka. Akachoma. Alichoma vizuri.

Usiku huo niliposali nilifika kwenye jina lake nikasimama. Maneno ya kumwombea hayakuja. Nikamwambia Mungu nitarudi kesho kwa huyu, kwanza nikawaombea wale wajane wengine, wale ambao bado wako kwenye mabenchi.